Waifai ya Nyumba ya Pili

Mwanangu alipopata kazi ya upishi kwenye kambi ya watalii, kule mbele ya Natta, nilifurahi kwa muda mfupi tu. Baadaye nikagundua kwamba simu ya kawaida kule haishiki. Kambi ina waifai yake, na wafanyakazi wanaruhusiwa kuitumia mchana, wageni wakishatoka kwenda kutazama wanyama. Kwa hiyo mwanangu hupiga mchana, kwa video, kwa intaneti, au hapigi kabisa. Na intaneti ya pale kwetu ilikuwa inakaa kwa mke mwenzangu.

Boma letu liko nje kidogo ya mji wa Tarime, kwenye mteremko wenye mawe makubwa. Nyumba yangu, ambayo ndiyo ya kwanza, iko chini, nyuma ya jiwe moja ambalo baba mkwe alikataa lisipasuliwe. Nyumba ya mwenzangu iko juu, na dirisha lake la sebuleni linautazama mnara wa simu uso kwa uso. Mume wetu ni wakala wa forodha mpakani Sirari, hurudi nyumbani mwisho wa wiki. Aliponunua ruta ile ya kuweka laini ya simu, alizunguka nayo boma zima akiwa ameiinua juu ya kichwa, na taa za kijani zikaja kuwaka dirishani kwa mwenzangu. Akaiacha hapo. Akasema ni ya wote.

Ya wote! Mwanamume aliyezaliwa na kukulia Ukuryani anajua fika kwamba kwetu kitu kikiingia kwenye nyumba ya mke, kimekuwa cha nyumba hiyo. Ng'ombe anayekamuliwa kwa mwenzangu, maziwa yake ni ya kwa mwenzangu. Ghala langu la mtama hakuna anayelifungua ila mimi. Hata sufuria ukiazima unairudisha siku hiyo hiyo, tena na kitu ndani. Sasa ruta ikae dirishani kwake, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, halafu mimi niambiwe ni ya wote. Sikumwomba hata neno la siri. Aliniletea mwenyewe, kaliandika kwenye kipande cha boksi, nami nikakichomeka ukutani jikoni nikakiacha kiliwe na moshi.

Lakini mwanangu alikuwa anapiga. Na simu ikiita ilikuwa inaita kwa mwenzangu, maana yangu kule chini ilikuwa haina kitu. Yeye anapokea, wanasalimiana, wanacheka. Wakishacheka vya kutosha ndipo nasikia, "Dada! Mwanao huyu hapa!" Mwanzoni alikuwa anashuka nayo mbio aniletee. Akifika usawa wa ghala langu picha inaganda, mwanangu anabaki mdomo wazi kama mtu anayekaribia kupiga chafya, kisha inakatika. Kila mara pale pale, kwenye ghala. Ikabidi niwe mimi ninayepanda. Napanda, navua viatu mlangoni kwake, nakaa kwenye kochi lake, naongea na mtoto niliyemzaa mimi huku mwanamke mwingine kaniegemea begani anasema, mwambie habari za yule ndama. Habari za ndama alishaambiwa. Aliyekuwa hazijui ni mimi.

Nilikuwa na wivu, sitaki kulizungusha. Nimekaa na mwanamke yule miaka mingi bila kugombana. Tumezikiana wazazi, na nilipolazwa ndiye aliyekuwa akiniletea uji. Wivu wa mume ulishaniishia zamani. Siku hizi nikimwona mzee anashika njia ya kule juu nasema afadhali, nitalala katikati ya kitanda. Lakini wivu wa mtoto nilikuwa siujui, na ulinikuta sijajiandaa. Niko sokoni napepeta maharage yangu, nakumbuka kwamba mwenzangu ndiye aliyejua kwanza kuwa mwanangu kaumwa malaria akapona, basi napepeta kwa nguvu mpaka wateja wanasogea nyuma.

Nikamwambia mzee nataka intaneti chini, nyumbani kwangu. Akasema chini mnara hauonekani, ruta itashika nini, mawe? Nikamwambia basi twende tukatafute namna. Jumatatu aliporudi kazini nilipanda naye gari hadi Sirari, nikafunga genge langu.

Duka lenyewe liko upande wetu wa mpaka, ila muuzaji ni mtu wa Isebania, ng'ambo ya Kenya, na Kiswahili chake kimebeba kila kinachopita pale mpakani. Alitutandikia vitu vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa ruta kubwa nyeusi yenye antena nne, ambayo mzee aliipenda papo hapo kwa sababu ilikuwa inatisha. Cha pili kidude cha kuchomeka ukutani, cha kudaka waifai na kuisukuma mbele. Cha tatu boksi lenye mikebe mitatu myeupe, ukubwa wa mkebe wa maziwa ya unga, haina antena wala urembo wowote.

Mimi nauza nafaka. Sinunui gunia bila kuzamisha mkono mpaka chini. Nikauliza kimoja kimoja. Hii kubwa itavuka jiwe? Akakiri kwamba jiwe ni jiwe. Kile kidude je? Akasema kinafika, ila kinapunguza kasi, tena kina mtandao wake chenyewe. Ukitoka nyumba moja kwenda nyingine simu inang'ang'ania mtandao wa kule ulikotoka, mazungumzo yanakatika, unaanza kutafuta upya. Nikafikiria ghala langu. Nikauliza na hii mikebe. Hapo akachangamka.

"Hii inaitwa mesh, mathee. Zote tatu ni kama kitu moja. Moja unaconnect na ruta, hizo zingine unaweka kwa nyumba. Unatembea na simu ukiongea toka sitting room mpaka jikoni na haikati. Jina ni moja tu."

Nikamuuliza kama ni nyumba mbili, tena mbalimbali, na uwanja katikati. Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi, akaelewa. Akasema itafanya kazi, bora zionane.

Hilo la kuonana niliacha lipite. Nilichokuwa nimekishika ni kwamba jina ni moja, na nilishajua jina lenyewe. Mzee aliitazama ruta yenye antena kwa mara ya mwisho, akatoa pesa. Muuzaji alipokuwa anaitayarisha mikebe pale dukani akauliza mtandao uitwe nani, nikamwambia aandike Nyumba ya Kwanza. Mzee akakohoa.

Nyumbani tuliigawana kama tunavyogawana kila kitu. Nyama ikija kwenye boma, nyumba ya kwanza inapata fungu kubwa, hilo halijadiliwi. Mikebe mitatu, nyumba mbili: mmoja kwa mwenzangu, kando ya ruta, na miwili kwangu. Nikaweka mmoja sebuleni na mwingine chumbani. Mwenzangu hakupinga, hata yeye aliona ni haki. Aliona jina jipya kwenye simu yake, akasema jina zuri, dada. Mzee naye aliona mambo yamekaa sawa. Watu wazima watatu tulisimama pale tumeridhika kabisa na mgao. Na mikebe yangu yote miwili ikawaka taa nyekundu.

Nikajua moja kwa moja ni yeye. Sikuwa na shaka kwamba kauzima wa kwake, au kaufunika na vitambaa vyake vile, ili mwanangu aendelee kubaki kule juu. Nikapanda kuomba chumvi ili nikatazame. Mkebe wake ulikuwa unawaka vizuri, umepanguswa vumbi, uko dirishani kando ya ruta bila kitambaa juu yake. Alinipa chumvi nyingi kuliko niliyoomba, na hilo nalo likaniudhi.

Mzee akampigia muuzaji. Muuzaji akauliza mikebe imewekwa wapi, mzee akamweleza, halafu tukamsikia anacheka mpaka anapaliwa. Alisema ameuza mesh kwa watu wengi, ila hajawahi kukuta walioigawana kama mbuzi. Akaeleza kwamba mikebe hiyo inapokezana: wa juu unaupa wa kati, wa kati unaupa wa chini. Bila wa kati kukaa katikati, mahali ambapo unaonana na pande zote mbili, wa chini haupati kitu.

Katikati ya boma letu, kando ya ghala langu, kuna kijumba cha chumba kimoja. Ni cha mwanangu. Alikijenga alipotoka jando, kama vijana wa kwetu wanavyofanya, kwa sababu akishakuwa mwanamume hawezi tena kulala nyumbani kwa mama yake. Umeme upo, alivuta waya kutoka kwangu kwa ajili ya redio. Mlango unatazama chini, dirisha linatazama juu. Tangu aende kazini ufunguo ninao mimi, naingia kufagia na kukaa kidogo kitandani, na mtu mwingine hakuwa ameingia humo.

Nilikataa. Nilisema mkebe wangu hautoki nyumbani kwangu, na ndani ya kijumba cha mwanangu hakiingii kitu cha kumhudumia mtu mwingine. Mzee hana haraka ya maneno. Alikunywa chai yake kwanza.

"Kwani mtoto ni wa nani, mama? Si wa boma?"

Nikamwambia wa boma ni ng'ombe, mtoto ni wangu. Akasimama akaelekea kule juu.

Wiki ile iliyofuata ilikuwa mbaya. Mikebe yangu iliendelea kunikodolea macho yake mekundu, na mchana nikiwahi kurudi kutoka sokoni nasikia kicheko kule juu. Siku moja nilisimama nyuma ya jiwe nikasikiliza. Mwenzangu alikuwa anamfundisha mwanangu kupika mnavu kwa maziwa. Anamwambia maziwa yatiwe mwishoni, moto ukiwa mdogo, na chumvi isitangulie. Mnavu huo, na maziwa hayo, na chumvi kutotangulia, mimi ndiye niliyemfundisha yeye alipoolewa, alipokuwa binti anayeunguza hata uji. Anamuuzia mwanangu mboga yangu mwenyewe, na mwanangu anamshukuru.

Siku hiyo hiyo nilibeba mkebe wa chumbani, nikafungua kijumba, nikauweka dirishani na kuuchomeka pale ilipokuwa redio. Ulikaa mwekundu kidogo, ukawa kijani. Nikakimbia nyumbani, mwanamke wa umri wangu, nikakuta na wa sebuleni umegeuka kijani. Simu yangu ilikuwa na mistari yote. Nilikaa kwenye kochi langu mwenyewe nikaiangalia, na nakiri nilicheka peke yangu.

Nikamwandikia mwanangu ujumbe kwamba kuanzia sasa apige kwangu. Kesho yake niliwahi kufunga genge. Nilivaa kitambaa kipya kichwani, nikaisimamisha simu kwenye chupa ya chai mezani, nyuma yangu ukutani picha yake ya kumaliza shule. Akapiga. Alipiga kwangu, simu iliita mezani kwangu, na uso wake ukaja safi, na kofia ya upishi.

"Shikamoo mama. Leo uko kwako."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Niko kwangu. Umekula?"

Alikuwa amekula. Kazi ilikuwa nzuri. Wageni walikuwepo, si wengi. Nikamuuliza kama kuna baridi, akasema si sana. Nikamuuliza tena kama amekula. Halafu nikakaa, naye akakaa, tunatazamana, mtandao mzuri ajabu. Kule juu nilizoea kwamba maneno yapo tu, yanakuja yenyewe, na sasa nilikuwa nayatafuta siyaoni. Nikawaza kumwambia habari za ndama, nikakumbuka anazijua kuliko mimi. Akatazama pembeni, akarudi, akatabasamu kwa adabu, vile anavyotabasamu kwa wageni.

"Mama mdogo yupo? Ule mnavu niliupika, wageni wamemaliza sufuria. Nimpigie, au unipeleke?"

Ningeweza kusema hayupo. Ningesema kaenda Musoma. Lakini nilikumbuka ghala langu, nikaona hakuna haja ya kusema uongo, ghala litanifanyia kazi yangu kama siku zote. Nikamwambia nakupeleka.

Nilitoka nimeishika simu mbele ya uso wangu, nikatembea polepole. Yeye alikuwa anaongea, kitunguu, maziwa, mzungu mmoja aliyeomba aongezewe. Nikafika kwenye ghala. Nikasimama hapo hasa, pale picha ilipokuwa inaganda, nikajifanya natoa jiwe kwenye kandambili. Aliendelea kuongea. Hata hakupepesa.

"Mura, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri kabisa, mama. Tembea tu."

Nikatembea. Nikapita kijumba chake na taa yake ya kijani dirishani. Juu kule mwenzangu alikuwa ameshasikia sauti, anatoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga, uso umemwangaza. Haikukatika hata mara moja. Nilifika mlangoni kwake na mwanangu mzima kiganjani, nikavua viatu.