Simu Iliyokataa Posa ya Zaina

Naomba nianze kwa kukiri, maana Mlali nzima wanaujua mkasa huu na kila mtu anausimulia anavyotaka, na wapo wanaosema nilifanya makusudi ili nisibaki peke yangu nyumbani. Ni mimi, Mama Salma fundi cherehani, niliyewapokea washenga wa watu vizuri, nikawapa chai na maandazi, kisha nikawatukania ukoo kwa spika. Spika kubwa, tena ya kuazima. Ingekuwa aibu yangu peke yangu ningecheka nanyi hapa tukaimaliza, lakini aliyeilipa si mimi.

Zaina ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu yuko darasa la pili, ananiita mama mdogo, na mimi namwona mwanangu wa kumzaa. Sasa kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, baba ana nafasi yake na heshima yake, lakini akija mtu kuposa, wa kusema "nimetoa" au "sitoi" ni mjomba. Na mjomba wa Zaina ni kaka yangu Kibwana, anayeishi kule juu milimani anakolima kabichi na karoti, mahali ambapo mtandao haushiki mpaka upande kwenye mgongo wa kilima, na mwezi ule alikuwa ameteleza shambani akavunjika mguu, kwa hiyo kushuka hawezi na kwenye kilima kupanda hawezi. Tukakubaliana atasema neno lake kwenye simu ya mkewe, na wifi atapanda nayo kilimani anitumie ujumbe wa sauti.

Mposaji ni Hamisi, kijana wa Dakawa, watu wa mashamba ya mpunga, kijana mtulivu ambaye Zaina akilisikia jina lake tu anashika chochote kilicho karibu na kuanza kukifuta vumbi.

Ujumbe wa kwanza wa kaka uliingia siku tatu kabla ya ugeni, na haukuwa mzuri. Alikataa. Alikuwa na kinyongo cha zamani na baba yake Hamisi, eti siku tuliyomzika mama yetu yule mzee aliondoka makaburini kabla udongo haujafunika. Nikafunga safari mwenyewe, nikapanda mlima kwa miguu na tope lile la masika (magoti yangu mnayajua), nikamweleza kaka kwamba mwenzako siku ile aliitwa mbio, mtoto wake alikuwa hoi, akamkimbiza hospitali. Kaka akasema hakuna aliyewahi kumwambia. Jioni ile wifi akatuma ujumbe wa pili: amekubali, anaomba radhi moyoni mwake, mtoto amewapa. Nikausikiliza mara nne. Wa kwanza sikuufuta. Kwa nini sikuufuta? Sijui, ndugu zangu, najiuliza mpaka leo.

Sasa tuje kwenye simu. Ile simu aliniachia mwanangu Salma wa Dar aliponunua mpya, na mimi nilikuwa naiona mali, ile ya kuweka juu ya cherehani wateja waione. Mwanzoni ilikuwa nyepesi. Halafu siku moja ikaniletea maandishi kwamba kuna apdeti, nikabonyeza kukubali (nani anakataa kitu kipya cha bure?), na tangu hapo ikawa nzito, unabonyeza leo inaitika kesho, unafungua picha unaenda kukoroga uji unarudi ndiyo inafunguka. Nikaipeleka mjini Morogoro kwa fundi mmoja pale karibu na soko, kijana mpole, akaifungua, akaipima, akaniambia:

"Mama, simu yako haiumwi. Betri ndiyo imechoka. Sasa kampuni yenyewe, kwenye hizo apdeti, wameiwekea kwamba ikiona betri ni dhaifu ipunguze mwendo, isije ikazima ghafla. Nikubadilishie betri, itarudi kama zamani."

"Kwa hiyo walioitengeneza ndio wanaoichelewesha?"

"Ndio hao hao, mama. Na bado itakuzimikia tu. Ukiona asilimia thelathini usiiamini."

Mimi nikamwangalia nikasema moyoni, huyu ananiona wa shamba, anataka kunipiga. Nikamwambia nitabadilisha baada ya posa. Kisha nikatoka pale, nikavuka barabara, nikainunulia simu kava jipya lenye kumetameta. Hapo ndipo palipoharibika, kwenye kava.

Siku ya posa wageni walifika saa nne asubuhi, watu watano, wamependeza kanzu zao zimenyooka: mshenga mwenyewe aitwaye Mzee Selemani, pamoja na baba yake Hamisi, na wazee wengine watatu wa ukoo wao. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, chai ikanyweka. Upande wetu tulikuwa na majirani wakubwa na shangazi wawili watatu, na Zaina yuko chumbani nyuma ya pazia kama inavyotakiwa, namsikia anavyopumua. Mzee Selemani akakohoa akasema wamekuja kuomba ua katika bustani yetu, na wanangoja kusikia mwenye bustani anasemaje.

Hapo, wenzangu, nilikuwa na njia fupi kabisa. Mimi ndiye mama mdogo, mimi ndiye niliyempandia kaka mlima, wote pale wananijua. Ningesema: "Mjomba wake mguu unamsumbua, amenituma niseme amekubali." Tungepiga vigelegele, mchele ungeoshwa. Lakini kava langu linameta, na spika nilishaiazima kwa muuza chipsi wa barabarani tangu jana yake, nikaona nisimame nitoe hotuba. Nikasema, na haya maneno nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu ndiyo yaliyonimaliza:

"Wazee wangu, mdomo wangu mimi si kitu. Mwenye mtoto yupo, na leo mtamsikia kwa sauti yake mwenyewe. Atakachosema ndicho hicho hicho."

Wakatikisa vichwa, wakaona hawa watu wa Mlali wako mbali kweli. Nikaunganisha spika, ikalia "tiii", nikafungua ujumbe wa kaka. Simu ikaganda. Asilimia thelathini na nne, naziona. Nikabonyeza ule ujumbe wa pili, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikatabasamu kwa wageni, nikasema "mtandao huu," nikasukuma juu, nikasukuma chini, nikabonyeza mara tatu, mara nne (si mnajua mtu akiwa na haraka anavyodhani akibonyeza kwa nguvu ndiyo itasikia), na ile simu kumbe inavipokea vyote, inaviweka, inavifanyia kazi kwa zamu yake na kwa mwendo wake. Ghafla ikasogea yenyewe, ikapanda juu, na bonyezo langu la mwisho likaangukia ujumbe wa kwanza.

Sauti ya kaka ikajaa nyumba. "Mimi mtoto wangu siwapi wale." Nikabonyeza isimame, haisimami. "Watu wa bondeni wale wanashiba wali mpaka wanasahau utu." Nabonyeza, haisimami. "Baba yake huyo kijana alimwacha mama yetu juu ya udongo akaenda zake, mtu gani huyo? Nimpe mtoto ili akifa naye wamwache hivyo hivyo?" Nikairukia spika nikatafuta pa kuizimia sipaoni, nikaifunika na khanga yangu, ikawa inaongea ndani ya khanga. Nje watoto waliokuwa wanacheza wakanyamaza wasikilize. "Waambie warudi na mabegi yao!" akamalizia kaka, na hapo, ujumbe umekwisha, kazi imeshaharibika, ndipo simu ikazima. Tii. Skrini nyeusi.

Nikaanza kupiga kelele peke yangu. "Huo ni wa zamani! Kuna mwingine, amekubali, amebadilisha!" Nabonyeza pa kuwashia, inawaka inaonyesha alama ya kampuni, inazima. Inawaka, inazima. Nikakimbilia chaja, nikaichomeka, ikatoa picha ya betri tupu nyekundu na kukaa hivyo. Wale wazee kwa adabu yao walingoja. Walingoja muda mrefu mpaka chai iliyobaki vikombeni ikaota utando, na mimi nimechuchumaa ukutani kwenye soketi naibembeleza simu.

Baba yake Hamisi ndiye aliyesema kwanza, na alisema taratibu, hakunifokea, bora angenifokea.

"Siku ile nilimpeleka mtoto hospitali. Ni huyu huyu Hamisi, alikuwa mdogo. Nilidhani mnajua."

"Tunajua, baba!" nikadakia. "Tunajua, na kaka amekusamehe!"

"Amenisamehe," akasema. "Kosa gani?"

Ningekuwa na akili ningeomba radhi nikanyamaza, lakini mimi nikaendelea kueleza, nikaeleza betri, nikaeleza fundi wa mjini, nikaeleza kwamba kampuni zinazipunguza simu za zamani mwendo kwa makusudi, nikasikia mmoja wa wale wazee anamnong'oneza mwenzake, "Anasema wazungu ndio wamekataa?" Na wale majirani zangu, Mungu awasamehe, mmoja akacheka.

Mzee Selemani akasimama, akarekebisha kofia yake. "Mama, umetuambia mdomo wako si kitu, tumsikilize mwenye mtoto. Tumemsikia. Sasa mdomo wako tuuamini vipi?"

Wakatoka mmoja mmoja, wakavaa viatu, wakaaga kwa heshima zote. Mchele tuliokuwa tumeupembua ulibaki kwenye ungo. Zaina hakutoka chumbani na hakulia kwa sauti, nikawa namsikia anapumua tu kama mwanzo, na nikashindwa kuingia.

Simu iliwaka alasiri. Iliwaka vizuri, asilimia sitini, haina wasiwasi, nikabonyeza ule ujumbe wa pili mara moja tu na ukafunguka palepale: "Dada, nilikosea. Hasira ya miaka ilinipofusha. Waambie nawapa mtoto wangu kwa moyo mweupe, na mguu ukipona nitakwenda Dakawa mwenyewe nimpe mkono yule mzee." Nikausikiliza peke yangu, nimekaa kwenye mkeka wa wageni. Nikamtumia Mzee Selemani. Ukafika, akausikiliza, alama zikabadilika rangi, na hakujibu.

Kaka alikwenda kweli. Mguu haujapona sawasawa, akashushwa kwa pikipiki, akaenda mpaka Dakawa, akapokelewa, akalishwa, akaomba radhi mbele ya wazee. Baba yake Hamisi akampa mkono. Akamwambia hana kinyongo naye, ila hawezi kumwingiza nyumbani kwake mtoto wa watu wanaomsema hivyo wakidhani hasikii, kwa sababu kila akimwangalia yule binti ataisikia ile sauti. Kaka akarudi mlimani. Hamisi alimpigia Zaina wiki ya kwanza, ya pili akapiga mara moja, kisha akaacha, kijana wa watu, atafanyaje na baba yake ndiye baba yake.

Betri nilibadilisha. Fundi hakunicheka, aliifanya kwa muda wa kunywa soda moja, na sasa simu inakimbia vibaya sana, ukiigusa tu imeshafika, mpaka naichukia. Na nimeapa, tena naapa mbele yenu, nikitumwa neno la mtu nitalibeba mdomoni mpaka nilifikishe, na mjomba asiyeweza kushuka tutampandia sisi na wageni wetu, hata kama ni kwa tope, hata kama ni kwa kutambaa.

Lakini kiapo hakimrudishii mtu kitu. Juzi nilikuwa nashona, Zaina yuko pembeni ananikunjia nguo za wateja, tangu siku ile anaongea nami maneno ya lazima tu, chumvi iko wapi, maji yamekwisha. Bila kuniangalia akaniuliza:

"Mama mdogo, hivi wale wazee, ungewaambia tu mwenyewe kwamba mjomba amekubali, wangekataa?"

Nikasimamisha cherehani. "Wasingekataa."

"Wangeuliza ushahidi?"

"Wasingeuliza."

"Basi kwa nini hukusema?"

Nilikuwa na maneno mengi, mnanijua. Ya betri, ya apdeti, ya kampuni, ya kaka na hasira zake. Yote yakanijaa mdomoni, nikamtazama yule mtoto niliyemlea, nikaona sina haki ya kumpa hata moja.

"Nilitaka waone nina simu, mwanangu."

Zaina akachukua nguo nyingine, akaikunja.