Msemaji Aliyenyamaza Kwenye Ng'ombe

Népomuscène, muuza rangi wa mtaa wa Bwiza, amekufa mara nyingi, na kila mara amerudi nyumbani kwa miguu yake akala ugali. Mara ya kwanza alifia dukani: moyo ukamwenda mbio, pumzi zikambana, vidole vikafa ganzi. Hospitalini wakamwambia moyo wake ni mzima. Alikasirika kidogo, mtu aliyekwisha kuaga dunia hapendi kuambiwa arudi kazini.

Daktari mwingine ndiye aliyemweleza kuwa ni maradhi ya hofu ya ghafla. Hutulia hata miaka, hurudi, hutulia tena, wala hayaui. Yakija, asikimbie, asimame, apumue polepole, yatapita. Akatibiwa, akapata nafuu, na kwa kuwa ulimi anao, ukoo ukamfanya msemaji wake kwenye sherehe za mahari. Mwaka juzi yakarudi. Akaacha usemaji, akaacha harusi, akaacha hata misa, akisingizia magoti. Magoti ya watu! Hayo hayo aliyoyasingizia ndiyo yaliyokuwa yakimkimbiza mlangoni hofu ikija.

Kisha akaposwa Orlane, binti wa marehemu kaka yake, aliyelelewa naye na kuijua siri ya magoti hayo.

"Baba mudogo, ukikataa kunisemea, nani atasimama pahali pa baba?"

Aliogopa kumwaibisha mtoto mbele ya wakwe, akaogopa zaidi kumwacha, akakubali.

Siku ikafika, ukumbi wa Kibenga ukajaa. Népomuscène akasalimu vizuri, akashukuru vizuri, akafika kwenye ng'ombe wa mahari, na hapo maradhi yakaingia bila mwaliko. Maneno yakapotea. Macho yakatafuta mlango, yakakutana na ya Orlane, aliyekuwa akichungulia nyuma ya pazia akisubiri kuitwa. Akashika kiti kwa mikono miwili, akapumua polepole.

Kumbe msemaji akinyamaza kwenye ng'ombe, wakwe huelewa kwamba hajaridhika. Mzee Libère, msemaji wa upande wa bwana harusi, alianza kutokwa jasho, akanong'ona na wenzake, akainuka.

"Muzee wetu, tumesikia. Tunaongeza ngombe moja."

Makofi yakalipuka. Kufikia hapo pumzi ilikuwa imerudi, na Népomuscène akapokea ng'ombe kwa uso wa mtu aliyepanga kila kitu.

Baadaye Orlane akamwinamia sikioni.

"Baba mudogo, ile hofu ilikuya?"

"Ilikuya."

"Itarudia?"

"Itarudia. Lakini leo yenyewe ndiyo imetoka. Mi nimebaki."