Chai Isiyochemka ya Al-Sulay

Mwaka 1976, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa, nami nikatolewa darasa la pili kabla mwalimu hajatufikisha kwenye kugawanya. Kujumlisha nilijua, kutoa nilijua, kuzidisha nilikuwa nimeanza kukuonja. Kugawanya sikukuona. Utoto wangu ulikatikia hapo, nikapewa jembe nilime mashamba ya watu. Kipande kilichobaki nilikuja kukimalizia Riyadh mwaka 2013, nina miaka arobaini na sita, kwenye chumba cha vibarua huko Al-Sulay kilichonuka magodoro yenye jasho, vitunguu, na majani ya chai yaliyolowa bila kuiva. Asiyeamini kwamba mtu mwenye mvi anaweza kuwa mtoto wa shule, shauri yake.

Nilikwenda kupakia mizigo kwenye maghala. Mgongo wangu ulikuwa wa mkulima, nikadhani utatosha. Ukateguka chini ya kreti ya vigae, na tangu hapo nikawa naamka kwa kujishika ukutani kama mtoto anayejifunza kusimama. Msimamizi wa ghala aliniona nikishindwa kuinama, akasema neno moja tu: "Halas." Yaani basi, imekwisha. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ilikaribia kuisha, na kafili, tajiri aliyetudhamini, alikuwa ameshatangaza kwamba hatamwongezea karatasi mtu asiyebeba. Mke wangu akipiga simu kutoka Bungoma aliuliza kama ninakula. Nikamwambia ninakula vizuri. Ningemwambia nini? Kurudi mikono mitupu na mgongo mbovu kulikuwa ni kuwakabidhi watoto wangu jembe lile lile nililokabidhiwa mimi. Nililia chooni nikiwa nimefungulia bomba, wenzangu wasisikie.

Hata chai ilinikataa. Nilikuwa nimebeba kutoka nyumbani koili ya kuchemshia maji, ile ya kutumbukiza sufuriani. Nyumbani ilichemsha kabla hujatafuta kikombe. Al-Sulay niliichomeka, nikangoja, nikasali, nikarudi kuchungulia. Maji yalikuwa vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto mchanga. Chumba kizima kilicheka. "Mzee Wafula, koili yako imestaafu pamoja na mgongo wako!" Niliinyanyua niitupe. Aliyenishika mkono ni Mwadime, kijana Mtaita aliyekuwa fundi umeme wa maghala yale. "Wacha, mzee. Koili haiumwi. Soketi ndiyo si ya kwenu." Majengo mengi ya kule yalikuwa na umeme wa aina mbili, mkubwa wa mashine na mdogo wa soketi za vyumbani, nasi Wakenya tulifika tukidhani soketi ni soketi. Kisha akaniambia jambo lililonifanya nikae chini. Kule Jeddah kafili wetu alikuwa na kazi ya kubadilisha hita za maji kwenye majumba, na fundi mkuu wa huko alitaka msaidizi. Kazi ya vidole, si ya mgongo. Ila fundi huyo humpima mtu hesabu kwanza.

"Hesabu gani?"

"Ya hii hii koili yako."

Kwenye kishikio iliandikwa volti 240, ampea 5. Mwadime akanieleza taratibu: volti ni msukumo, ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani, yaani jinsi waya unavyoubana umeme, nao hupimwa kwa omu. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, ndiyo nguvu yenyewe. Nikamwambia sijui kugawanya. Sikuwahi kumtamkia mtu yeyote maneno hayo. Hakucheka. Alimwaga kokwa za tende juu ya godoro akasema, "Wagawie watu sita, mzee, na usimpendelee mtu." Jioni baada ya jioni niligawa kokwa, wenzangu wakiuliza kama nafungua kitalu, mpaka hesabu ikahamia kichwani. 240 kwa 5: omu 48. Kisha akaipima ikiwa kwenye soketi yetu: volti 120, ampea mbili na nusu. Nikagawanya. Omu 48 tena! Koili ilikuwa ile ile, haijachoka. Nikazidisha: nyumbani wati 1200, hapa 300. Nikabisha. "Volti ni nusu, mbona nguvu ni robo?" Akachukua chapati yangu ya mwisho, akaikata katikati, akaikata tena ile nusu. "Msukumo umepungua nusu, na umeme unaopita nao umepungua nusu. Nusu ya nusu, mzee." Kipande kile akakila.

Basi la Jeddah lilinivunja mgongo upya. Nilishuka nimejikunja, hewa ya kule ikinigandia mwilini kama shuka mbichi. Fundi mkuu, Mmisri mfupi asiye na tabasamu, aliinua hita ya maji akaniuliza kwa Kiarabu cha kazini. "Volti 220, inavuta ampea 10. Ukinzani?" Omu 22. "Nguvu?" Wati 2200. "Yalla, haya, nikiichomeka kwenye 110?" Mdomo wangu ulikuwa umeshajikunja kusema nusu. Nilijua nikikosea hapo, njia ni moja tu, uwanja wa ndege. Nikaiona ile chai ya vuguvugu.

"Robo, bosi. Wati 550. Maji hayatachemka."

"Nani alikufundisha?"

"Chai."

Alizitazama mvi zangu, akanirushia glavu.

Leo, huku kwetu, nina nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu. Nina duka la nyaya na balbu sokoni. Nina ng'ombe wawili, mita ya kupimia umeme, na mgongo unaouma mvua ikikaribia. Watoto wangu hawalimi mashamba ya watu. Nikipewa chai ya vuguvugu, hata sasa siinywi. Nina koili ile. Naitumbukiza sufuriani, na kabla sijatafuta kikombe, maji yanaruka.