Mlio wa Kiganja

Kwenye wodi ya watoto walimwita Mama Kifua, na jina hilo hakupewa kwa utani. Mtoto akilazwa kifua kimejaa makohozi, aliyeitwa ni yeye. Alimlaza mtoto kifudifudi mapajani, akakunja kiganja kama anayeteka maji, kisha akamgonga mgongoni, pa, pa, pa, mpaka makohozi yaachie. Kiganja kikikunjwa sawasawa hewa hubaki ndani yake, mtoto haumii, ila mlio huwa mkubwa. Kazi hiyo haifanywi mara moja ikaisha, maana kifua hujaa tena. Wanafunzi wa uuguzi aliwaambia, "Nikisikia kimya najua mnampapasa. Nataka mlio niusikie kutoka mlangoni."

Mlio huo ndio uliomponza.

Alikuwa akimhudumia mjukuu wa bibi mmoja wa kitanda cha dirishani, mtoto aliyefiwa na mama na asiye na mwingine ila bibi huyo. Mtoto alilia, kwa sababu watoto wagonjwa hulia. Mgeni aliyekuja kumwona mgonjwa mwingine akasimama mlangoni, akainua simu, akarekodi mgongo wa muuguzi, mkono unaopanda na kushuka, kilio, na ule mlio. Hakuuliza kitu. Alikata video kabla mtoto hajatema makohozi na kulala begani kwa bibi yake, maana hapo hapakuwa tena na cha kutazama.

Akaiweka mtandaoni, basi watu wakapata wa kumla. Mwalimu aliyefokewa na mkuu wake, mwenye duka aliyeshinda bila mteja, mke aliyenuniwa tangu juzi, kila mmoja alikuwa na hasira yake ya nyumbani isiyo na pa kwenda, na hapa kawekewa mgongo wa mtu asiyemjua, autemee mate atakavyo. Tena bure, tena akionekana mwenye huruma. Nani angekataa? Wengine hata video hawakuifungua. Walisoma maneno ya wenzao wakaongeza yao, makali zaidi kidogo, ili nao waonekane wapo.

Kesho yake hospitali ikatangaza kwamba muuguzi husika amesimamishwa. Muuguzi mkuu, ambaye kugonga kifua alifundishwa na Mama Kifua mwenyewe, alimwita pembeni.

"Nenda nyumbani kwanza, dada. Wakipoa nitakuita."

"Kwani wewe hujui nilichokuwa nafanya?"

"Najua. Lakini nikisema najua, watasema tunalindana."

Mama Kifua alikuwa nyumbani anachambua maharage pale binti yake, msusi wa saluni, aliporudi mapema kuliko kawaida, amevimba kwa hasira. Viatu hakuvua.

"Mama, umemwona huyu mnyama? Nesi anampiga mtoto mgonjwa kama anafua nguo. Nimeshindwa hata kusuka. Nimeandika mikono yake ikatwe, na watu wameisambaza hiyo, wewe acha tu." Hilo la mwisho alilisema akijizuia kutabasamu.

Mama Kifua akaweka sinia chini. "Ni mimi, mwanangu."

Binti alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha akaitazama tena video, na safari hii akamwona mama yake. Alilia, akapiga magoti, akaomba msamaha, akayafuta maneno yake palepale.

"Kufuta hakusaidii, walioyasoma wameshayasoma," mama yake akasema. "Andika kwamba ulikosea. Eleza ile kazi ni ya nini. Wewe watakusikiliza."

Binti akaandika. Akafuta. Akaandika tena. Mwisho akaitupa simu kwenye kochi.

"Watanigeukia mimi, mama. Watasema nilijua tangu mwanzo, wataanika picha zangu, wateja watanikimbia. Huwajui hao watu."

Mama Kifua akaliinua tena sinia la maharage. Tangu asubuhi alikuwa akiwalaani watu hao, akijiuliza ni watu wa namna gani, na nani aliwalea. Sasa alimjua mmoja, na alimlea mwenyewe.

Simu yake ikaita. Alikuwa bibi wa kitanda cha dirishani.

"Sista, unarudi lini? Mtoto amebanwa tena. Mabinti waliopo wanampapasa tu, wanaogopa."

"Basi mgonge wewe, bibi. Mlaze mapajani kama ulivyoona nikifanya, ukunje kiganja, usiogope mlio. Weka simu kitandani, nitakusikiliza."

Akasubiri, simu ameibana sikioni. Alisikia mtoto akikohoa, kikohozi kikavu kisichotoa kitu, na sauti za wageni wa wodini zikinong'ona. Pa moja ikasikika, hafifu. Kisha bibi akarudi kwenye simu.

"Siwezi, mwanangu. Wanatutazama, na simu wameshazitoa."