Kola za Kwaya

Sijasomea ushonaji popote. Nilijifunza kwa kufumua mashati ya mitumba na kuyashona upya mpaka yafanane na yalivyokuwa. Mradi wa vijana hapa Kibondo uliniomba nimsaidie mwalimu wa cherehani, kisha mwalimu akahamishwa, nikabaki peke yangu mbele ya wasichana walioacha shule, nikiogopa siku mtu atakaponiuliza cheti.

Hofu hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Mshono wowote uliopinda niliuona kama ushahidi dhidi yangu. Wasichana wakienda kula, nilibaki darasani nafumua kazi zao na kuzirudia. Wanarudi, wanakuta kola imekaa sawa. Mwanzoni walinitania kwamba nina majini ya kushona. Baadaye waliacha utani, na wakaacha pia kuhangaika na kola. Wakifika shingoni wanaweka kazi kando, wananisubiri.

Mafunzo yalipoisha, watatu kati yao walipewa cherehani, wakafungua kibanda karibu na soko. Niliwaahidi kukaa nao wiki mbili tu. Nilikuwa nimepata nafasi Kasulu: fundi mmoja, mama mtu mzima, alikubali kunipa kiti kwake na kuniandikisha kwa mtihani wa ufundi, nami hatimaye nipate cheti. "Jumatatu uwe hapa, mwanangu," alisema. "Kiti changu hakikai wazi."

Wiki ya pili, kwaya moja ya Kumsenga ikaleta vitenge: magauni kumi na mawili, yote ya kola, ya kuvaliwa Jumapili. Nilijiapiza sitagusa. Siku tatu nilikaa mlangoni, mikono nimeibana mapajani.

Jumamosi mchana wakamaliza. Mkubwa wao, mzaliwa wa Kagerankanda, aliyatundika kwenye kamba huku mtoto wake amelala mgongoni.

"Dada, tazama kwa macho tu."

Nikatazama. Kola tisa zilikuwa na ncha moja ndefu kuliko nyingine. Zilivalika. Mtu mwingine asingeona.

"Zimependeza."

"Muongo! Shavu linakucheza." Wote watatu wakacheka, nami nikacheka. "Kafunge begi lako. Kesho tunapeleka wenyewe."

Wakaniachia ufunguo, wakaenda.

Nilisema nitafumua moja tu. Nilipoinyoosha, ya pili ikaonekana mbaya zaidi kando yake. Jua lilipokaribia kuzama nilikuwa nimerudia zote kumi na mbili, hata tatu zilizokuwa nzuri, kwa sababu sasa hazikufanana na zangu. Kisha nikayakunja magauni yote, tayari kupelekwa.

Kesho yake kwaya ilipendeza. Baada ya ibada mwenyekiti wao alitufuata uani, mama mchangamfu, akashika kola yake mwenyewe.

"Mabinti, nataka mengine thelathini kwa wanakwaya wa vijana, na vitenge vyake nitawaletea leo jioni. Lakini kola ziwe hizi hizi!"

Alipoondoka, mkubwa alinigeukia.

"Hizi si zetu."

"Nilinyoosha kidogo tu."

"Kidogo gani, dada? Nani atashona thelathini? Wewe kesho uko Kasulu."

"Nitawafundisha asubuhi, kabla ya basi."

"Miezi sita hukutufundisha, leo utaweza asubuhi moja?"

Mdogo wao akasema bora wamwambie mwenyekiti ukweli. Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloona aibu kuliko yote: niliwaomba wasiseme. Niliwaza watu wa mradi wakisikia, na swali la cheti, na miezi yote ile niliyojishonea mwenyewe na kuiita mafunzo.

Jioni nikampigia mama wa Kasulu.

"Nimepata dharura, mama."

"Amefariki nani?"

"Hapana. Ni kola."

"Haya, mwanangu. Kuna binti mwingine anasubiri."

Jumatatu niliwahi kibandani, nikaketi kwenye cherehani, nikashona gauni la kwanza hadi shingoni kabla hawajafika. Nilikuwa nimeshakubali: thelathini hizo, na zitakazofuata, na zitakazofuata tena. Mkubwa akaingia, akanitazama, akanishika bega.

"Inuka."

"Utaiharibu."

"Ego, ndiyo, nitaiharibu. Wewe sema tu."

Nikainuka, nikasema. Nilisema neno moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma. Akashona polepole, akakata uzi, akaigeuza kola. Ilipinda. Nikanyoosha mkono. Akalivuta gauni, akalikalia.