Gilasi ya Muzee Mugisho

Bwana yangu Télesphore hakunywa bila kumumiminia kwanza baba yake, muzee Mugisho, aliyezikwa Mudaka. Kwetu muzee aliyekufa hanyimwi kasiksi, ile pombe ya ndizi aliyoinywa maisha yake yote. Kila jioni gilasi yake ndogo inawekwa kwenye meza ya kona, chini ya picha yake. Asubuhi Télesphore anaimaliza, anasema muzee ametosheka, amebakishia watoto wake. Mimi ilikuwa inanikasirisha. Muzee alitosheka kila siku, na mutoto wake hakutosheka hata siku moja.

Siku Télesphore alipoanguka kwenye mufereji hapa Kasha, mbele ya watu wanaotoka misa, nilimuambia: "Papa Destin, ukiweka tena pombe mudomoni, ninabeba watoto ninarudi Miti kwa wazazi wangu. Sitaki maneno." Alijua mimi sichezi.

Habari ya kikundi cha watu wanaoacha pombe nilipewa na jirani yangu Séraphine, ambaye bwana yake aliachia pombe hukohuko. "Muende mercredi, katikati ya juma, saa kumi, salle ya mikutano iko nyuma ya parokia," aliniambia. Tulipofika, sentinelle anayelinda mulango wa parokia akauliza tunatafuta nini. Haya ikanishika, nikasema tunatafuta mazoezi ya korali. Akatuangalia juu mpaka chini. "Korali iko samedi, maman. Watu wa pombe wako mulango wa pili." Kisirani yule.

Ndani walikuwa watu kama kumi na tano, wamekaa kwenye mabenchi wakitazamana. Aliyewaongoza ni maman Ghislaine, muuguzi ambaye yeye mwenyewe aliwahi kulewa mpaka akafukuzwa kazi. Kila mutu alisema jina lake na siku zake bila pombe. Kisha Télesphore akasimama, akavua kofia.

"Naitwa Télesphore. Pombe imenishinda. Leo ndiyo siku ya kwanza."

Nililia, sifichi. Maman Ghislaine akatoa sharti moja tu: nyumbani pasibaki hata tone.

Tulirudi, tukamwaga yote nyuma ya nyumba, isipokuwa ya muzee. "Mama Destin," Télesphore aliniambia polepole, "baba hakufanya kosa. Nimunyime namna gani?" Na mimi nani anipe roho ya kumunyima mufu? Tukaacha kidumu kidogo. Tukapatana: gilasi yake iwekwe jioni, asubuhi mimi nitaimwaga nje.

Asubuhi ya kwanza nilikuta gilasi iko tupu. Ya pili vilevile. Nilimunusa Télesphore mudomo: hakuna kitu. Niligombana naye hata hivyo, akaapa kwa jina la mama yake. Wiki mbili ikawa hivyo. Watoto wakakataa kupita ile kona. Siku moja alfajiri niliona kioo cha picha kimeshika ukungu, palepale kwenye mudomo wa muzee, pumzi ya mutu. Niliufuta kwa kitenge.

Télesphore alianza kukonda. Alikuwa anasimama mbele ya picha, anauliza, "Baba, ni weye ao ni mimi?" Mimi nilitaka kujua. Jioni ya mardi, kesho yake ikiwa siku ya kikundi, wote walipokwisha lala, nilimwaga majivu ya jiko chini kuzunguka meza, nikaenda kulala.

Asubuhi kulikuwa nyayo, za miguu bila viatu. Zilitoka kwenye meza, zikapita sebule, zikaingia chumba chetu. Nilizifuata huku nimeinama, mukono kwenye ukuta. Hazikuenda upande wa Télesphore. Ziliishia upande wa pili wa kitanda, mahali ninapolala. Nilikaa kitandani, nikageuza muguu wangu. Unyayo ulikuwa na majivu mpaka kwenye nyufa za kisigino. Ndipo nikasikia utamu mukali wa kasiksi kwenye ulimi.

Niliogopa kuliko kama ningemuona muzee mwenyewe amekaa pale. Nikafagia haraka, nikanawa miguu, nikapika chai. Sikusema kitu. Miaka yote nilikuwa ninakunywa nusu ya chupa ya Télesphore ili yeye alewe kidogo. Sikuita ile kunywa. Niliita kumusaidia.

Jioni ileile ilikuwa mercredi, tukaenda kwenye kikundi. Zamu yake ilipofika, Télesphore alisimama, kofia mukononi.

"Nimerudi siku ya kwanza," alisema. "Sikumbuki kitu, lakini gilasi ya baba ni mimi ninaikunywa. Nani mwingine? Mama Destin apeleke watoto Miti. Iko na haki yake."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Ningekaa kimya, angebeba ile maneno mpaka kaburini na mimi ningekuwa bibi mwema, muvumilivu, mbele ya Séraphine na parokia nzima. Nilitamani sana kukaa kimya. Nikasimama.

"Naitwa Eulalie. Télesphore hajagusa pombe hata tone. Ni mimi."

Aligeuka kuniangalia. Maman Ghislaine hakushangaa. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida, "Tangu lini, maman?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusema wiki mbili.

"Tangu nilipoolewa," nikasema.