Katriji ya Kaka Niliyoificha Kwenye Mchele

Nimekosa, na sitaki kuzunguka. Nilimdanganya kaka yangu wa tumbo moja, mtu aliyenilea baada ya baba kufa, na nilichomharibia hakinunuliki dukani. Naandika hapa kwa sababu nyumbani nimechoka kutazamana na mke wangu, na kanisani kila nikikaa kwenye foleni ya kitubio naishia kuondoka kabla zamu yangu haijafika.

Mimi ni fundi wa redio na simu hapa Ifakara. Jina sitaji. Nina ugonjwa mmoja tu, santuri. Wenzangu wananicheka, eti dunia imehamia kwenye simu wewe bado unahangaika na masahani. Waache wacheke. Nanunua gramafoni kuukuu, na zaidi nanunua katriji, kile kidude kidogo kinachokaa mwisho wa mkono wa gramafoni na kushika sindano. Nanunua zilizochakaa, natafuta mtu wa kuziwekea ncha mpya, kisha nakaa nasikiliza. Pombe sinywi, starehe yangu ni hiyo.

Katriji ziko za namna nyingi, lakini sisi wagonjwa tunazililia zile zinazoitwa muving koili. Ndani yake kuna nyaya nyembamba kuliko unywele, zimening'inizwa katikati ya sumaku kali. Sindano ikitikisika kwenye mfereji wa santuri, nyaya nazo zinatikisika, na sauti inatoka safi mpaka unasikia mwimbaji anavuta pumzi. Za zamani hazitengenezwi tena. Ukiipata unaishika kama yai.

Kaka alikuwa nayo moja.

Yeye anakaa Lupiro, ana mashine ya kukoboa mpunga. Ujanani alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia, na padri mmoja mzee aliporudi kwao Ulaya alimwachia gramafoni yake, katriji ikiwa palepale kwenye mkono. Akamwachia na santuri ya kwaya yao wenyewe, waliyorekodi enzi hizo. Kwenye wimbo wa mwisho kuna ubeti anaimba mtu mmoja peke yake. Ni marehemu shemeji yangu, mke wa kaka, akiwa bado msichana, hata hawajachumbiana. Nakala nyingine zote zilishapotea, zingine kwa mafuriko, zingine watoto walizirusha uwanjani. Picha za shemeji tunazo, lakini sauti yake ilibaki kwenye ile santuri tu.

Ncha ya katriji ilikuwa imeisha siku nyingi, na kaka hakuthubutu kuipiga santuri, aliogopa ingechimbwa. Mimi ndiye niliyemtia hofu hiyo. Nilimwambia hata zile katriji za bei rahisi nilizojaza dukani kwangu asiziguse. Kumbe nilikuwa naitamani ile ya kwake!

Baada ya kumaliza msiba wa shemeji, kaka alinikabidhi katriji kwa mkono wake.

"Bwana mdogo, katafute fundi. Masikio yangu haya mashine imeyamaliza. Nataka nimsikie shemeji yako kabla hayajafunga kabisa."

"Itarudi, kaka. Wewe tulia."

Nikaipeleka kweli. Katika kundi letu la wapenda santuri kulikuwa na jamaa anasafiri kwenda Ulaya, akaibeba hadi kwa fundi wa huko anayefanya kazi hiyo kwa darubini. Ikarudi na ncha mpya ya almasi, inameta. Nikajiambia niijaribu kwanza, nisije nikampelekea kaka kitu kibovu. Jamani! Nilifunga mlango, nikaweka rumba la zamani, nikakaa sakafuni. Nililia. Nyimbo ninazozijua tangu utoto, siku hiyo ndiyo nilizisikia.

Jumapili ile ilikuwa niende Lupiro. Sikwenda. Nikasema wiki ijayo, na wiki ijayo nayo nikasema vilevile.

Kaka akipiga simu namwambia, "Bado iko kwa fundi, kaka! Mambo ya wazungu yanakwenda polepole!" Alikuwa hasikii vizuri, kwa hiyo nilikuwa napiga kelele mpaka wateja wanageuka kunitazama. Hebu fikiria, mtu mzima unadanganya kwa kupiga kelele!

Mke wangu alijua.

"Mrudishie mwenyewe," aliniambia.

"Naisikiliza kidogo tu."

"Hiyo kidogo yako haiishi, baba watoto. Enzi za kuvuka kwenda Lupiro kwa pantoni ungesingizia mto umejaa. Sasa daraja lipo, utasingizia nini?"

Nilianza hata kuificha asiione, maana kila akiiona anaanza.

Masika ikaingia. Bonde letu mnalijua, unyevu unaootesha ukungu hadi kwenye viatu kabatini, na ukungu ukiingia kwenye katriji ya namna ile umeipoteza. Sasa hapa kwetu simu ikiloa kila mtu anajua dawa, itumbukize kwenye mchele. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyowaambia wateja. Basi nikaiweka katriji kwenye kiboksi chake, kifuniko nikakiacha wazi, nikafunika kwa kipande cha chandarua ili punje zisiiguse, nikakifukia katikati ya gunia la mchele la akiba lililokuwa stoo. Nikajipongeza. Haitaota ukungu, na mke wangu hataifikia.

Mchele wenyewe ulitoka kwa kaka. Kila mavuno ananitumia gunia alilokoboa kwenye mashine yake. Hajawahi kuruka mwaka.

Siku moja ikaingia simu ya kaka, lakini aliyeongea ni binti yake mkubwa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Baba hajambo?"

"Tumetoka naye hospitali. Sikio moja limeshakwenda. La pili wamesema nalo halina muda. Anauliza ile katriji imefika wapi."

Nikasema imefika, imefika jana, naileta kesho. Uongo mwingine juu ya ule wa kwanza!

Kesho yake niliifukua haraka haraka mpaka chandarua kikachomoka, nikaitoa nikaipuliza, nikairudisha kwenye kiboksi. Kila katriji inayopita mkononi mwangu huwa naiweka chini ya lenzi kabla haijagusa santuri ya mtu. Hii sikuiweka. Nilikuwa na aibu, nilitaka jambo liishe. Nikapanda pikipiki.

Kaka alikuwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa amezima mashine katikati ya msimu, watu wamekaa juu ya magunia yao ya mpunga wanamsubiri, na hakuna aliyelalamika. Ndani alishaweka kiti kimegusana na spika. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, bwana mdogo. Umehangaika sana."

Nikafunga katriji, nikashusha sindano. Kwaya ikatoka nzito nzito, kama watu wanaoimba wamejifunika blanketi. Pale pale nilijua. Fundi yeyote angejua! Sindano ilikuwa imekakamaa, haichezi, inalima. Mkono wangu ulikuwa pembeni ya ule mkono wa gramafoni, nilichotakiwa kufanya ni kuunyanyua tu. Sikuunyanyua. Ningeunyanyua ningeulizwa kuna nini. Nikaiacha iendelee mpaka ubeti wa shemeji, na pale ikakwaruza mwanzo hadi mwisho. Hakuna neno lake hata moja lililotoka zima.

Kaka alikuwa ameinama, sikio lake zuri limegusa spika, macho ameyafumba. Wimbo ulipoisha aliyafumbua taratibu.

"Sijamsikia," alisema. "Nimesikia mikwaruzo tu. Masikio yangu haya, bwana mdogo. Nimechelewa."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwinamia nikapaza sauti: "Labda ni masikio, kaka!"

Binti yake alikuwa amesimama nyuma yetu, na masikio yake ni mazima. Aliniangalia, kisha akaangalia chini.

Kaka akakivuta kile kiboksi kilichokuwa mezani, akawa anakigeuzageuza kama mtu asiye na la kufanya. Akakifungua. Ndani kwenye sponji kulikuwa na punje za mchele na vumbi la pumba. Akaichukua punje moja, akaisogeza dirishani. Yule mtu amekoboa mpunga maisha yake yote.

"Huko kwa wazungu nako wanakula mchele wa Lupiro?"

Akaitazama santuri, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo siyo masikio yangu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana! Aliing'oa katriji kwenye mkono wa gramafoni, akanitilia kiganjani. "Chukua. Uliipenda." Akatoka nje kwenda kuwakobolea watu wake, na mashine ikawaka, basi hakukuwa na mazungumzo tena.

Nyumbani ndipo nilipoiweka chini ya lenzi. Upenyo mzima uliozunguka zile nyaya ulikuwa umejaa unga mweusi wa chuma. Ile mashine ya kaka ni ya siku nyingi, vyuma vyake vya ndani vimechakaa, vinasagika kidogo kidogo na kuingia kwenye mchele. Sisi tunaosha tunakula, hatuoni kitu. Lakini sumaku ya katriji iliuita ule unga kupitia matundu ya chandarua, masika nzima, mpaka ukaikaba sindano. Mimi fundi, ninayeshinda na sumaku mezani, sikuliwaza hilo.

Nimeshaisafisha. Inaimba vizuri kabisa, na siwezi kuisikiliza. Rumba likianza tu naona shati la kanisani. Santuri ya kwaya nimeikagua, nimewauliza wenzangu wote, mfereji uliochimbwa ndiyo basi.

Nilikwenda Lupiro kuomba radhi. Nilichelewa na hilo pia. Sikio la pili lilikuwa limeshafunga. Nikasema samahani, nikapaza, nikapaza tena mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia, na kaka akawa ananipigapiga begani akitabasamu kama mtu anayeambiwa habari za mvua. Binti yake nikamweleza kila kitu, mchele, chandarua, unga wa chuma. Akaniambia, "Baba mdogo, kusoma anajua. Mwandikie." Nimeshindwa kuanza. Pengine ndiyo naanza hapa.

Mavuno yakapita. Nilijua mwaka huu hakuna gunia, na sikuona ubaya wowote. Juzi binti akashuka na pikipiki mbele ya kibanda changu, gunia limefungwa nyuma.

"Baba anakusalimia. Nilimwandikia yote uliyonieleza. Amesema mchele huu mle bila wasiwasi, ameupitishia sumaku wote."

Nilikaa kwenye kiti changu cha kazi, wateja wakaniona ninavyolia.

Ndugu msomaji, mimi nimechoka na sina busara ya kukupa. Kama una kitu cha ndugu yako ndani, kizuri au kibaya, kirudishe leo, na kama una samahani ipeleke leo hii, akiwa bado anasikia unapobisha hodi.